Maji ya bomba: nyota 4, ile ya 5 nimewanyima wenye bajeti

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asipate tabu. Kati ya huduma zote ninazolipia kila mwezi, umeme, intaneti, mpaka zile za kuangalia mpira, hakuna inayofikia maji ya bomba kwa thamani ya hela, na hakuna inayotunzwa hovyo kama hiyo hiyo. Naongelea maji ya mtandao wa umma, yale yanayotoka mtoni au bwawani, yanapita mtamboni, yanasukumwa kwenye matangi ya juu afu yanashuka chini ya ardhi mpaka kwako. Boza, kisima na chupa nitavigusa maana ndo washindani wake.

Kwanza bidhaa yenyewe, maana watu wakishazoea koki wanasahau wanauziwa nini. Mtu mmoja kunywa, kupika, kuoga, kufua na choo tuseme lita 50 kwa siku, na hapo hajajiachia. Nyumba ya watu watano ni lita 250. Lita ya maji ni kilo, kwa hiyo hiyo ni robo tani inayotakiwa kufika ndani ya nyumba kila siku, madumu 12 na nusu ya lita 20, leo na kesho na keshokutwa. Pale bomba lisipofika ile kazi haipotei, kuna mtu anaifanya, na UNICEF mwaka 2016 walisema wanawake na wasichana duniani wanatumia masaa milioni 200 kila siku kuchota maji. Sasa bomba hiyo robo tani linaipandisha kilima cha mita 50 kwa umeme usiofika sehemu ya kumi ya uniti moja, na hapo nimeshaweka pampu ya kawaida tu inayopoteza karibu nusu ya nguvu njiani. Nitajie bidhaa nyingine inayofanya hivyo kwa bei hiyo.

Ubora nao sio wa kubeza, pale sistimu inapofanya kazi. Maji ya tope yanawekewa shabu, lile tope linashikana linazama, yanayobaki yanapita kwenye mchanga, mwisho yanapigwa klorini, na klorini kidogo inaachwa makusudi isafiri na maji mpaka mwisho wa laini. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale yanapokufikia. Ile harufu mnayoilalamikia ndo hiyo.

Ila yote haya yanategemea kitu kimoja ambacho wateja wengi hatukifikirii, presha. Hakuna mtandao wa mabomba duniani usio na matundu, hakuna. Bomba likiwa limejaa na lina presha, tundu linatema maji nje. Presha ikikatika tundu lile lile linanyonya, na kinachonyonywa ni chochote kilicholoanisha udongo wa pale, pamoja na ya chooni kama bomba la majitaka limepita karibu. Kwa hiyo mgao wa maji haukupunguzii masaa tu, unakuharibia hata yale masaa unayopewa. Maji yakirudi yanarudi kwa kishindo, yanapiga viungio, yanabandua kutu, ndo unaona ile rangi ya chai asubuhi. Na hewa ndo inatangulia, mita inazunguka kama inakimbizwa, unalipia upepo. Mtoa huduma wangu nilimtumia video ya mita ikizunguka huku koki inapuliza hewa tupu, akanijibu mita ni nzima. Kweli ni nzima, inapima kinachopita.

Washindani sasa. Boza la lita 10,000 ni tani 10 za maji bila kuhesabu lori lenyewe, linachoma dizeli kupeleka kitu ambacho kingeshuka chenyewe kwa mteremko, na anayenunua kwa dumu kutoka kwa aliyenunua kwa boza ndo analipa lita ghali kuliko wote, na mara nyingi ndo mwenye hela kidogo kuliko wote. Nyota 2, moja ya dereva maana anapokea simu. Maji ya chupa huwezi kufulia, sina la kusema. Kisima kirefu ni kizuri mpaka jirani naye achimbe, halafu wa tatu achimbe mita 20 zaidi yenu, maana kule chini hakuna mipaka ya viwanja.

Halafu kuna ule mfumo ambao wengi tumeishia nao: tanki la chini, pampu, tanki la juu, chujio jikoni, na akiba ya hela ya boza pembeni. Unafanya kazi, siwezi kusema haufanyi. Lakini ukiuangalia vizuri hiyo ni mamlaka ya maji kamili, ina bwawa, ina kituo cha kusukuma, ina mtambo wa kusafisha, na ina mteja mmoja. Mtaa wa nyumba 300 una mamlaka za maji 300, kila moja na pampu yake ya kuungua, na wajanja wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa wananyonya presha yote, wa mwisho wa laini anabaki na matone. Hizo hela zote zimeshatoka mifukoni. Hakuna anayeziita kodi kwa sababu hazipiti hazina, zinapita duka la vifaa, ila mtu akisema tu serikali iweke hela ya maana kwenye maji utasikia hela itatoka wapi. Jamani si inatoka sasa hivi, tena inatoka rejareja, na rejareja siku zote ni ghali kuliko jumla.

Sasa kwa nini isiwe kampuni tu ije na hela yake, ichimbe, ilaze, ituuzie? Swali halali, na kwangu jibu lake liko kwenye hesabu ya mkopo kabla hata hujafika kwenye siasa. Bomba likilazwa vizuri linakaa miaka 50 mpaka 100, bwawa ndo usiseme. Karibu hela yote inatoka mwanzoni kabla mtu mmoja hajafungua koki, na ikishafukiwa huwezi kuifukua ukaiuze kwingine. Chukua mradi wa milioni 100, hela yoyote unayotumia wewe. Serikali ikikopa kwa riba ya asilimia 3 kwa miaka 40 marejesho ni kama milioni 4.3 kwa mwaka. Mradi ule ule, mabomba yale yale, mkandarasi yule yule, ukikopewa benki ya biashara kwa asilimia 14 miaka 12, marejesho yanakuwa milioni 17 na laki 7 hivi kwa mwaka. Mara 4. Ile tofauti haijanunua hata valvu moja. Wa kuibeba ni wewe kwenye bili, au kama bili imezuiwa kupanda basi inabebwa na mabomba ambayo hayatalazwa, na yasiyolazwa ni ya kwenda mitaa ya wasio na hela, hilo huhitaji kuambiwa. (Riba nimechagua mwenyewe kuonyesha tu, weka zako. Na ndio, nchi zenye madeni mabaya hazipati asilimia 3, ila hata huko hazina kuu kawaida inakopa rahisi kuliko kamamlaka ka maji ka mji mdogo kanakobisha hodi benki peke yake.)

Na hapo ndo neno la "taifa" linapoingia, kwamba maji yawekewe hela ya taifa zima, halafu watu wanalichukulia kama mapambo. Mto haujui mipaka ya halmashauri. Mji wenye chanzo unaweza kuwa hauna hela, mji wenye hela hauna chanzo, na katikati kuna kilomita mia za bomba kuu ambazo hakuna mji hata mmoja unaoweza kuzisimamia ukiwa peke yake. Tena faida kubwa haipiti kwenye mita kabisa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 lilikadiria kwamba kila dola 1 ya maji na usafi wa mazingira pamoja inarudisha kama dola 4.3 kwa jamii, na sehemu kubwa ya hizo ni muda uliookolewa, watu kutotembea na kutopanga foleni. Kampuni itakutoza vipi kwa mtoto ambaye hajaharisha? Haiwezi, kwa hiyo ikipiga hesabu zake mradi unaonekana hasara wakati nchi nzima inapata faida.

London hili walilijua kwa pua. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kipindupindu cha mtaa wa Soho kinatoka kwenye pampu moja ya maji ya Broad Street, mpini wa pampu ukaondolewa, ila wakubwa wengi wakaendelea kuamini ugonjwa unaenezwa na hewa chafu. Vifo vya maelfu ya watu kwa miaka yote ile havikufungua mfuko. Kiangazi cha 1858 joto likapiga, mto Thames uliokuwa umejaa vinyesi ukanuka mpaka wabunge wakashindwa kukaa, na bunge lao liko kando ya mto pale pale. Sheria ya kutoa hela ikapita ndani ya wiki chache. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mitaro ya majitaka mikubwa kupita mahitaji ya wakati wake, na mpaka leo inatumika. Yaani waliokopeshwa na waliolipa wamekufa zamani, mtaro bado unapiga kazi. Ndo maana nikisikia mtu anataka bomba lijilipe ndani ya miaka 7 nashangaa anadhani ananunua pikipiki.

Najua mtakuja na Uingereza, kwamba wao si walibinafsisha. Ndio, mwaka 1989 serikali ya kule iliuza mamlaka 10 za maji za England na Wales, na kabla ya kuziuza ikazifutia madeni ya karibu pauni bilioni 5, hebu fikiria kuanza biashara hivyo. Tuwe wakweli, miaka ya mwanzo uwekezaji uliongezeka na ubora wa maji ukapanda. Ila leo Thames Water, kampuni ya maji ya London, peke yake imebeba deni la zaidi ya pauni bilioni 15, na hakuna bwawa kubwa jipya lililokamilika England tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chile nayo watu wanaitaja sana, kule kampuni zinaendesha vizuri mijini, lakini zilipoingia zilikuta karibu kila nyumba ya mjini tayari ina bomba lililojengwa na serikali, na mpaka leo serikali inawalipia sehemu ya bili wasio na uwezo. Paris walirudisha maji mikononi mwa jiji mwaka 2010 na mwaka uliofuata wakashusha bei kwa asilimia 8. Mimi binafsi sina ugomvi sana na nani anaendesha pampu, kampuni, mamlaka, ushirika, anayejua kazi afanye. Ugomvi wangu ni nani analaza bomba la miaka 80, na hapo sijaona mwenye subira ya hivyo zaidi ya umma.

Kama mnataka kuona bidhaa hii ikiwa katika hali yake bora, Uholanzi. Kule kampuni za maji ni za umma, na tangu 2004 sheria inazuia kampuni binafsi kutoa maji ya kunywa. Maji yanayopotea njiani kwao ni kama asilimia 5. Presha haikatiki, mabomba mazima, mpaka hawaweki klorini kwenye maji, maana hakuna kitu cha kupata njia ya kuingia. Ile harufu niliyoitetea pale juu kwao haipo kabisa.

Mtasema hao matajiri. Sawa, Phnom Penh, Kambodia. Mwaka 1993 nchi imetoka vitani, mamlaka ya maji ya jiji inapoteza asilimia 72 ya maji inayozalisha, maji yanatoka masaa 10 kwa siku, wateja nusu hawalipi. Akaingia mkurugenzi anaitwa Ek Sonn Chan. Akafunga mita kila kona, akasafisha orodha ya wateja, akakata maji kwa wasiolipa wakiwemo wakubwa, na mwenyewe amewahi kusimulia kwamba akienda kufunga mita kwa jenerali mmoja aliwekewa bastola kichwani. Kuelekea 2010 upotevu umeshuka mpaka asilimia 6 hivi, maji masaa 24. Hadithi hii inapendwa sana na watu wa "ni uongozi tu, hela sio tatizo" na wanaisimulia nusu. Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Asia, Japani na Ufaransa waliweka mikopo na misaada mikubwa pale, mabomba mabovu yakang'olewa yakalazwa mapya, na mamlaka yenyewe ilibaki ya umma ila ikapewa uhuru wa kushika hela zake. Uongozi ulikuwepo, na hela ilikuwepo. Ukitoa kimojawapo hupati zile masaa 24.

Sasa ile nyota niliyoinyima. Tundu la milimita 6, karibu unene wa penseli, kwenye bomba lenye presha ya mita 50 (yaani ya kutosha kupandisha maji mita 50 juu) linamwaga zaidi ya lita 40,000 kwa siku, yaani kwa ile hesabu yangu ya lita 50 ni maji ya watu 800, kutoka kwenye tundu moja ambalo hata halitoki juu, linaingia mchangani kimya kimya. Makadirio ya 2019 ya dunia nzima yalisema maji yanayopotea au yasiyolipiwa ni mita za ujazo bilioni 126 kwa mwaka, thamani yake kama dola bilioni 39. Maji hayo tayari yamepigwa shabu, yamepigwa klorini, yamechoma umeme.

Kuna mafundi ambao kazi yao ni kuyasikiliza. Saa 8 usiku, magari yamepungua, fundi anatembea na fimbo ya chuma, ncha moja anaigusisha kwenye valvu au kwenye lami, nyingine ameiweka sikioni, maana maji yakitoka kwenye tundu kwa nguvu yanapiga mluzi unaosafiri kwenye bomba. Anasikiliza, anasogea hatua kadhaa, anasikiliza tena, pale mluzi unapozidi anaweka alama ya rangi, asubuhi kikosi cha kuchimba kinakuja. Siku hizi kuna vifaa vya elektroniki vya kufanya hivyo ila msingi ni ule ule. Na usiku huo huo kuna mtu ofisini anaangalia mita kubwa ya eneo, watu wamelala, kwa hiyo kinachopita pale saa 9 usiku sehemu kubwa ni uvujaji. Kazi tamu hii, ya akili, na inaokoa maji mengi kwa hela kidogo. Na ndo ya kwanza kufyekwa bajeti ikibana, kwa sababu haina utepe wa kukata wala jiwe la msingi. Bwawa litazinduliwa na mkubwa, halafu maji yake theluthi nzima yanaishia mchangani na hakuna anayeulizwa.

Ukarabati nao hesabu yake haifichiki. Mtandao wa kilomita 3,000 ukibadilisha kilomita 30 kwa mwaka, ambayo watu wengi wataiona ni kazi kubwa, bomba la mwisho litasubiri zamu yake miaka 100. Mamlaka nyingi hata hiyo asilimia moja hazifiki.

Na kubana hela mahali pasipo ndo kunatoa vitu kama Flint, Marekani. Aprili 2014 mji uko chini ya msimamizi wa dharura aliyewekwa na jimbo, ili kupunguza gharama wakahamia maji ya mto Flint, na dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe hawakuweka. Maji yakaanza kula mabomba, madini ya risasi yakaingia kwenye maji ya kunywa ya watoto. Fidia peke yake imepita dola milioni 600. Mwaka 2021 nchi hiyo hiyo ikapitisha sheria yenye kama dola bilioni 55 za maji, bilioni 15 kati ya hizo ni za kung'oa mabomba ya risasi. Umma umelipa tu mwishoni, ila umelipa baada ya watoto kunywa.

Kwa hiyo ushauri wa kununua, kwa mlio kwenye mjadala wa bei ya maji kupanda, maana huo hauishi popote. Usianze kwa kukataa. Omba mchanganuo. Umeme wa pampu, dawa, mishahara, kusoma mita, yule fundi wa usiku, kubadilisha vipande vilivyochoka, hivyo bili ibebe, ni haki yake, na bili isiyobeba hivyo ni chambo cha kura mtakachokilipia kwa boza. Ila ukikuta ndani yake wameingiza bwawa jipya, mtambo mpya na bomba kuu la kutumikia watu ambao hawajazaliwa, eti lirejeshwe ndani ya miaka 10 kwa lita unazotumia wewe, hiyo irudishe. Iende hazina kuu, kwenye mkopo mrefu au hatifungani, pamoja na fungu la ukarabati limeandikwa kwenye karatasi ile ile siku ile ile. Wakikujibu ukarabati utaangaliwa mbele ya safari, usisaini.